Kamba Ina Ncha Mbili

Binadamu hupanda kwa sababu mbili. Hupanda kwa kuwa ana haja ya kitu kilicho juu, au hupanda kwa kuwa kupanda kwenyewe kwamfurahisha. Mkwezi wa pwani hupanda mnazi kwa ajili ya nazi. Kama nazi zingeanguka zenyewe kila siku ya soko, asingejisumbua. Mrina asali huufuata mzinga. Mkulima wa Umatengo hupanda mlima kila kukicha kwa sababu shamba lake liko huko, na ndiko wazee wake walikomwachia. Watu hawa hawaulizwi kwa nini wanapanda, wala mtu mwenye busara hawalaumu wakianguka. Haja ni wakili wao. Lakini mtu apandaye kwa starehe hana wakili huyo. Ameiacha nyumba yenye usalama akaifuata hatari kwa hiari yake, na akiulizwa sababu, hana jibu ila kuwa moyo wake ulipenda.

Sisemi kuwa ametenda kosa. Moyo wa binadamu hauridhiki na chakula peke yake. Huona kilele ukatamani kujua dunia ina sura gani kutoka pale, na tamaa hiyo haina aibu. Taifa lenyewe liliwahi kuona hivyo: usiku wa Uhuru, mwezi wa Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro, na hapana aliyeuliza kupanda kule kulileta debe ngapi za mahindi. Nisemalo ni kuwa mtu aliyeichagua hatari bila ya kulazimishwa ana deni zaidi ya yule aliyesukumwa na njaa. Deni lenyewe ni hili: aangalie hatari aliyoichagua isije ikaangukia watu ambao hawakuichagua.

Kutokana na deni hilo, shauri la vifaa vya kupandia, ambalo kwa juu juu laonekana kuwa shauri la mwenye duka na mnunuzi, hugeuka kuwa shauri la wema na ubaya. Watu wengi hudhani kuwa kifaa kizuri ni kile cha bei kubwa, na kuwa aliyenunua vingi amekwisha kutimiza wajibu wake. Wengine hudhani kinyume, kuwa mwanamume kamili hupanda kwa mikono mitupu. Naona wote wawili wamepotea njia. Kifaa chema hupunguza hatari, lakini hapana kifaa kiiondoacho yote. Na ile ibakiayo lazima ikae juu ya bega la mtu. Kila tuchaguapo kifaa au tuachapo kifaa, tunachagua bega hilo litakuwa la nani.

Kulifikiria jambo hili nachagua Mbinga na ufuko wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa. Upandaji wa starehe si desturi kongwe ya huko, lakini kwa mwendo mfupi nchi ile humpa mtu karibu kila namna ya kupanda isipokuwa theluji. Mji wa Mbinga uko katika nchi ya juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na uso wa ziwa uko chini ya mita 500. Kati yao nchi huporomoka kwa miteremko na makorongo mpaka Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kuna vilima vya kutembea, kuna mawe makubwa yaliyosimama ufukoni, na kuna miamba mirefu ambayo hapana mtu aipandaye salama pasipo kamba.

Tena kuna mwalimu. Wamatengo walisongamana katika milima ile katika karne ya 19, wakati wa mashambulizi ya Wangoni, wakalazimika kulima miteremko ambayo mtu wa tambarare angewaachia nyani. Kilimo chao huitwa ngoro. Majani yaliyofyekwa hupangwa juu ya mteremko kwa mistari ikatizanayo kama matundu ya wavu; kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukia majani, hata shamba zima likawa matuta na vishimo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, na wanawake huchimba na kufukia. Mvua inyeshapo, maji hutua kishimoni badala ya kuteremka mbio, na udongo uliochukuliwa kutoka juu hupokewa na kishimo cha chini. Zana za kazi hii si za ajabu. Ni jembe na chombo cha kufyekea. Ajabu imo katika fikira iliyozitumia. Mkulima wa ngoro anajua kuwa kila alimaye mlimani ana jirani chini yake, na kuwa kosa la mlimani halikai mlimani. Hushuka pamoja na udongo mpaka shamba la mwenziwe, mpaka mtoni, mpaka ziwani. Basi huchagua namna ya kulima ambayo hasara yake, ikitokea, haitamwangukia aliye chini. Fikira hiyo ndiyo nitakayo kuipeleka katika mkoba wa mpanda kwa starehe.

Tuanze na namna iliyo nyepesi, yaani kutembea milimani. Mtu atakaye kutembea siku nzima kutoka vilima vya Mbinga kuelekea ziwani hahitaji vitu vingi: viatu vyenye nyayo zishikazo udongo mnyevu, koti la mvua, nguo moja ya joto, maji, kurunzi, na fimbo ya kumsaidia magoti wakati wa kushuka. Wako wapandao kwa makatambuga na wakafika salama. Wenyeji hufanya hivyo kila siku. Lakini mwenyeji anaijua njia, anajua wingu lipi lina mvua, na akichelewa ana nyumba ya shangazi njiani. Ujuzi huo ni kifaa, japokuwa hauuzwi dukani. Mgeni aigaye makatambuga ya mwenyeji pasipo ujuzi wake ameiga nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito.

Hata katika matembezi haya mepesi, hatari hutafuta bega. Mvua za Umatengo huanza Novemba au Desemba zikaendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo ukungu waweza kuifunika njia mchana. Asiyechukua maji hunywa ya mwenziwe, na asiyechukua koti humfanya mwenziwe achague kati ya kumfunika na kumwacha atetemeke. Asiyechukua kurunzi hulifanya kundi zima liende mwendo wa kipofu jua likishatua. Mtu kama huyu hujisifu kuwa mkoba wake ni mwepesi, kumbe mkoba wake umebebwa na wenziwe. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeacha kurunzi nyumbani ameufanya uzembe wake kanda la usufi kwa kuuweka katika mgongo wa mwingine.

Namna ya pili ni kupanda mawe mafupi bila ya kamba. Ufuko wa Nyasa una mawe mengi ya kufaa mchezo huu. Liuli ni mashuhuri kwa jiwe lake: Wajerumani waliipa bandari ile jina la Sphinxhafen kwa kuwa waliliona jiwe hilo lafanana na sanamu kubwa ya Misri. Katika mchezo huu mtu hapandi juu sana. Urefu wa paa la nyumba watosha. Vifaa vyake ni viatu vyembamba vya soli laini ya mpira vibanavyo vidole, unga mweupe wa kukausha jasho la viganja, na godoro nene la kutandikwa chini. Aliyezoea milima mikubwa huona vifaa hivi kuwa vya kitoto. Lakini mtu hapa huanguka mara nyingi kwa siku moja, na kila anguko lake humaliza safari chini. Kwa hiyo kifaa kikuu ni mwenzi asimamaye nyuma, mikono ameinyoosha, tayari kumwelekeza aangukaye penye godoro asije akagonga kichwa. Godoro bila ya mwenzi ni nusu ya kifaa, na mwenzi bila ya godoro hutakiwa kuudaka mwili mzima kwa mikono yake. Apandaye jiwe lenye utelezi wa mawimbi, bila ya godoro, akamwita rafiki yake amdake, amekwisha kuihamisha hatari. Vifundo vya mikono vitakavyovunjika pengine havitakuwa vyake.

Namna ya tatu ni kupanda mwamba mrefu kwa kamba, na hapa deni huonekana wazi zaidi, kwa sababu limefungwa kwa fundo. Mmoja hupanda, wa pili hushika kamba. Vifaa vyao ni kamba, mkanda wa kiunoni na mapajani, pete za chuma zenye mlango, kofia ngumu ya kuzuia mawe yaangukayo, na vyuma vya kushikiza kamba mwambani. Kabla ya vyote hivyo iko ruhusa ya wenyeji. Jiwe kubwa la Mbuji, wilayani Mbinga, lina heshima yake ya kimila. Naye afikaye na kamba mpya begani pasipo kuwaona wazee kwanza, hajakamilisha vifaa vyake hata kama amemaliza duka zima.

Katika vifaa vyote hivi kamba ndiyo idanganyayo zaidi, maana kamba mbovu na kamba njema hufanana machoni. Kamba ya kupandia husukwa kwa nailoni, yenye uti wa nyuzi ndani na ganda la kuulinda nje, ikafanywa ili ivutike kidogo mtu aangukapo. Kuvutika huko ndiko kuokoako uhai, kwani nguvu ya anguko hugawanywa katika muda mrefu zaidi badala ya kumpiga mtu kwa pigo moja. Kamba ya kufungia mizigo ya lori, au ya katani, au ya kuvutia nyavu, yaweza kuwa na nguvu nyingi na bado isifae: haikatiki, lakini humvunja aliyefungwa. Tena nailoni huchoshwa na jua, na huharibiwa na tindikali ya betri hata bila ya kuonyesha alama. Kamba iliyolala katika sanduku la gari karibu na betri yaweza kung'aa kama mpya nayo imekwisha kufa. Ndiyo sababu wapandaji husisitiza kujua historia ya kamba. Ndiyo sababu pia shirika la vyama vya wapanda milima duniani, lililoundwa mwaka 1932, huweka vipimo ambavyo kamba hutakiwa kuvishinda. Kumkabidhi mwenzio kamba ambayo huijui ilikotoka ni sawa na kumwapia kwa jambo ambalo hukuliona.

Historia ina kisa kimoja cha kamba ambacho hakijaacha kusumbua fikira za watu. Tarehe 14 Julai 1865, watu saba waliongozana na Mwingereza Edward Whymper na kufika, yeye akiwamo, juu ya mlima Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, ambao kabla ya siku hiyo haukuwa umepandwa. Wakati wa kushuka walifungwa pamoja wote. Kijana mmoja asiyekuwa na uzoefu, Hadow, aliteleza akamwangusha kiongozi aliyekuwa chini yake, na uzito wao ukawavuta wawili wengine. Walioko nyuma, yaani Whymper na viongozi wawili, baba na mwana wa ukoo wa Taugwalder, walijishikiza mwambani. Kamba ikanyooka, ikakatika katikati. Wanne walikufa, watatu wakabaki. Baadaye ilionekana kuwa kamba iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko zote walizokuwa nazo, nayo ilikusudiwa kuwa ya akiba. Uchunguzi ukafanywa. Mzee Taugwalder, aliyekuwa amejifunga kamba hiyo na mtu aliyekuwa mbele yake, alishukiwa kuwa aliichagua kwa makusudi. Hakupatikana na hatia, lakini fununu zilimfuata maisha yake.

Watu husimulia kisa hiki kama onyo dhidi ya kamba dhaifu, na ni onyo la haki. Lakini kina swali la ndani zaidi. Kama kamba ile ingekuwa madhubuti, yamkini wote saba wangekufa, au yamkini wote saba wangepona. Hapana ajuaye. Basi uimara wa kamba peke yake hauamui wema wa kamba. Kamba hufunga bahati ya mtu mmoja na bahati ya mwingine, nayo hufunga vizuri au vibaya kwa kadiri ya busara iliyowachagua wale waliofungwa. Kosa la siku ile lilianza kabla kamba haijakatika, pale asiyejua kushuka alipofungwa pamoja na waliojua, bila ya yeyote kupima kama waweza kumchukua. Mchuma janga hula na wa kwao; na mlimani, wa kwao ni wale wote waliomo katika kamba.

Hapa yatokea pingamizi. Mtu aweza kusema, "Maisha yangu ni mali yangu. Mimi sitamfunga mtu yeyote. Nitapanda peke yangu, bila ya kamba, na nikianguka nimejiangukia." Pingamizi hili lina heshima yake, na limepata watetezi wakubwa. Mmoja alikuwa Paul Preuss wa Austria, aliyeanzisha mjadala mkali mwaka 1911 juu ya vigingi vya chuma vipigwavyo miambani. Alishikilia kuwa mpandaji asipande ila pale awezapo kushuka kwa nguvu zake mwenyewe, na kuwa kigingi ni msaada wa dharura, si msingi wa kupandia. Mswahili angemwelewa mara moja, maana yeye husema kuwa mpanda ngazi hushuka. Kuna ukweli katika mafundisho hayo: kifaa kisigeuke kuwa ulaghai wa kumpeleka mtu mahali ambapo uwezo wake haufiki. Preuss mwenyewe alianguka akafa Oktoba 1913, akipanda peke yake, akiwa na umri wa miaka 27. Sitaji kifo chake ili kumshinda kwa hoja, kwani hata wenye kamba hufa. Nakitaja ili kuuliza, je, mtu aweza kweli kuanguka peke yake?

Nadhani hawezi. Fikiri mtu aliyeanguka katika korongo kati ya Mbinga na ziwa. Hapana ndege ya kuja kumchukua, wala kikosi kikaacho tayari kwa kazi hiyo. Wajao ni wakulima. Huacha majembe, hukata miti miwili, hufunga blanketi au shuka iwe machela, hushuka korongoni kwa makatambuga yao, humpandisha majeruhi kwa zamu, na pengine humpeleka mwendo wa saa nyingi mpaka penye barabara. Hawakuulizwa kama mchezo ule ulifaa. Hawana kofia ngumu wala kamba. Wanampandia mtu ambaye hawamjui, katika mahali palepale palipomwangusha. Huu ni utu, nao hautozwi ada. Lakini jambo lisilotozwa ada lina gharama, na aliyekwenda bila ya kifaa kwa kujiona huru ameitoza gharama hiyo kwa watu maskini kuliko yeye. Uhuru wake ulikuwa wa kweli mpaka pale alipoanguka. Toka hapo ulikuwa uhuru wa mikopo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo latoka kwa wanafunzi wenyewe. Watasema, "Vifaa unavyovitaja ni vya matajiri. Kamba moja yaweza kuzidi posho ya mwanafunzi. Je, wasema milima ni ya wenye fedha?" La, sisemi hivyo. Mwaka 1943, wafungwa wa vita watatu wa Kiitalia, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi yao ya Nanyuki ili kuupanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini. Hawakuwa na duka wala fedha. Mashoka yao ya barafu waliyatengeneza kutokana na nyundo. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu waliyatoa katika vyuma vilivyotupwa. Na kamba zao zilikuwa za katani ya vitanda vya kambini. Vifaa duni kuliko hivyo ni vigumu kuvifikiri. Lakini waliviunda kwa miezi mingi kwa uangalifu mkubwa, na walipoujaribu mlima, waliukubali uamuzi wa vifaa vyao. Walishindwa kukifikia kilele kikuu cha Batian, wakageuka; kisha wawili wakapanda Lenana, kilele kilicho chini zaidi, wakasimika bendera yao, wakashuka hai.

Umaskini wao haukuwapa ruhusa ya kujidanganya. Nalo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi. Asiye na kamba hakunyimwa milima. Amenyimwa mwamba mmoja kwa sasa. Vilima vya Umatengo viko wazi kwa mwenye viatu na koti, na mawe ya ufukoni yako wazi kwa mwenye rafiki na godoro. Kosa huingia pale mtu mwenye vifaa vya namna moja ya kupanda aendapo kutenda namna nyingine. Namna za kupanda zimetofautiana ili kila mtu, kwa kadiri ya mfuko wake na ujuzi wake, apate mahali pake. Aheshimuye tofauti hiyo si mwoga.

Tajiri naye asifurahi mapema, maana hukumu yake iko katika namna ya nne, ambayo Umatengo hauna: mlima wa theluji. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na usiku wake wa juu ni wa baridi ya kugandisha maji. Mwenye fedha huujia kwa buti nene, koti la manyoya ya bata, mfuko wa kulalia wa joto, hema, kiti cha kukunja, na wakati mwingine choo cha kubeba. Kila kimoja humpunguzia taabu. Lakini hakuna kitu katika hivyo kipandacho chenyewe; vyote hupanda kichwani mwa mpagazi. Kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi mmoja, na kuwekwa kwa kikomo ni ushahidi kuwa uchu wa kupakia upo. Imepata kuonekana kuwa mgeni amevaa nguo za kushinda baridi yoyote, na yule ambebeaye mzigo amevaa raba na sweta jepesi. Tangu mwaka 2003 umekuwako mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao huwaazima mavazi ya baridi bila ya malipo. Kazi njema, lakini kuwako kwake ni hukumu juu ya wale ambao safari zao huihitaji.

Jambo hili ni la zamani. Wakati Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, Oktoba 1889, mpagazi mmoja wa Pangani aitwaye Mwini Amani alikaa katika kambi yao ya juu akiwangojea. Vitabu vya dunia vyawakumbuka wawili waliofika kileleni. Mtu wa pwani aliyekesha katika baridi ambayo kwao haina hata jina, hukumbukwa na wachache. Simtaji ili kuwanyang'anya wale wawili sifa zao. Nataka tuone kuwa ncha ya pili ya kamba yaweza kushikwa na mtu ambaye hakufungwa kamba kabisa. Basi apimaye vifaa vyake kwa safari ya Kilimanjaro na apime buti za mpagazi kwanza, kabla ya zake. Mwenye kununua koti la tatu naye hajauliza kama ambebeaye ana la kwanza, amenunua joto lake kwa baridi ya mwingine.

Limebaki bega moja ambalo halisemi, nalo ni la mwamba wenyewe. Mkwezi wa pwani hukata vidato katika shina la mnazi apate pa kukanyaga. Aukata mnazi ulio wake au wa tajiri wake, kwa ajili ya nazi zitakazoliwa, na atakayepanda kesho atavitumia vidato hivyo hivyo. Kwa muda mrefu wapanda miamba walifanya vivyo hivyo kwa vigingi vya chuma, wakivipiga nyufani kwa nyundo na kuving'oa tena, hata nyufa za miamba mashuhuri ya Yosemite, Marekani, zikaanza kupanuka na kupasuka. Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa alikuwa Yvon Chouinard, mhunzi ambaye biashara yake ilikuwa vigingi hivyo hivyo. Mwaka 1972, pamoja na mwenziwe Tom Frost, aliwasihi wateja wake waache vigingi, watumie kabari za chuma chepesi ambazo husukumwa ufani kwa mkono na kutolewa kwa mkono, zisiache alama. Mfanyabiashara kuwaambia watu wasinunue kilichomtajirisha si jambo la kila siku.

Je, mwamba una haki? Wanafalsafa waweza kubishana. Lakini hata asiyekubali kuwa jiwe lina haki atakubali kuwa jiwe lina warithi. Jiwe la ufukoni Liuli litakuwapo baada yetu, na mtoto wa Kinyasa atakayezaliwa miaka 50 ijayo anastahili kulikuta likiwa halina vyuma vilivyooza wala madoa meupe ya unga wa wageni. Kabari, na burashi ndogo ya kufutia unga, ni vifaa vya kumheshimu mtu ambaye hajazaliwa. Yeye naye yumo katika kamba.

Natoa basi kanuni moja, wala si mpya. Ni ya mkulima wa ngoro iliyovalishwa nguo nyingine. Jioni kabla ya safari, mtu na atandaze vifaa vyake sakafuni. Mbele ya kila alichokiweka, ajiulize nani atakichukua. Mbele ya kila alichokiacha, ajiulize vilevile, kwani kilichoachwa nacho huchukuliwa: kurunzi iliyoachwa huchukuliwa na macho ya wenzake, kamba njema iliyoachwa huchukuliwa na yule aliye chini yake, na tahadhari iliyoachwa huchukuliwa katika machela na wakulima wanane. Ikiwa jibu ni, "Nitakichukua mwenyewe, au mwenzangu amekubali kwa kujua," na aende kwa amani, hata kama mkoba wake ni wa kushona kwa mkono. Ikiwa jibu ni jina la mtu ambaye hakuulizwa, na abadili vifaa, au abadili mlima.